Mchezo wa Biashara ya Manyoya

Katika shule za Kanada na Marekani wako walimu wanaofundisha biashara ya manyoya kwa mchezo. Watoto wengine huwa wawindaji wenyeji, wengine wachuuzi wa Kampuni ya Hudson's Bay, iliyoanzishwa mwaka 1670. Hubadilishana ngozi za biva, mnyama wa mitoni, kwa masufuria, blanketi na bunduki.

Twaisifu njia hii. Mtoto aliyepatana bei mwenyewe hasahau kwamba ngozi ya biva ilikuwa kipimo cha bei, wala kwamba wenyeji walijua kukataa mali mbaya.

Lakini twaona kasoro. Mchezo huisha kwa kicheko, kila mtu na mali yake. Wako wapi wanawake waliotengeneza zile ngozi? Nani atasema kwamba biva walipungua sana kwa ajili ya kofia za Ulaya?

Basi mwalimu aongeze siku ya pili: ngozi ziwe chache, deni libaki, kisha aulize ni nani sasa apangaye bei. Bali ndui ya miaka 1780 hadi 1782 isichezwe. Isimuliwe kwa heshima, maana pengine wajukuu wa waliokufa wameketi darasani humo humo.