Mchezo wa Jamii Hupimwa Tangu Siku ya Usaili

Watu wengi huupima mchezo wa jamii siku ya onyesho: makofi yalikuwaje, watu walicheka kiasi gani, maleba yalipendeza au la. Mimi naona kipimo hicho huja kwa kuchelewa. Kikundi kizuri hujulikana wiki nyingi kabla, siku ya usaili, kwa namna kinavyompokea mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaani. Awe mzazi anayefikiria kumruhusu binti yake ajiunge, awe mfadhili, awe mtazamaji tu mwenye mapenzi na sanaa hii, anayetaka kukijua kikundi vizuri aombe ruhusa akae pembeni siku hiyo na atazame.

Kwanza atazame nani amekuja. Kikundi makini hupeleka tangazo mahali watu walipo: kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa, msikitini na kanisani baada ya ibada, shuleni kwa mwalimu wa Kiswahili. Tangazo likizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya marafiki peke yake, watakuja walewale wa kila mwaka, na mchezo utakuwa wa kikundi, hautakuwa wa mtaa. Nikikuta mama anayeuza maandazi na kijana wa bodaboda wamekaa benchi moja na wanafunzi wa kidato cha pili, wote wakisubiri zamu, naanza kuwa na matumaini.

Halafu atazame wanachopewa kufanya. Usaili dhaifu humkabidhi mtu karatasi na kumwambia asome kwa hisia. Mwenye sauti kubwa kuliko wote huondoka na nafasi. Nimesikia vipande vya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein vikipigiwa kelele namna hiyo mara nyingi mno. Tamthilia ile iliyochapishwa mwaka 1969 ina mtu aliyeingiwa na shaka juu ya maji ya kinga aliyowapa watu wake, na shaka haitoki kwa kupayuka. Mwongozaji anayejua kazi huwaita watu wawili wawili, huwapa hali nyepesi, tuseme dada anamtaka kaka yake arudishe simu ya mama aliyoichukua kimyakimya, kisha anawaacha wabuni maneno yao. Macho yake hayako kwa anayesema. Yako kwa anayesikiliza.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu, katika zoezi kama hilo, hakusema karibu lolote. Mwenzake alipoapa kwamba simu haijui, yeye alinyoosha mkono, kiganja juu, akauacha hapohapo. Kaka akaendelea kujitetea, sentensi zikawa fupi, mwishowe akajikuta anapapasa mfuko ambao haukuwa na kitu. Pale benchini hakuna aliyekuwa bado anachezea simu yake. Mwongozaji hakumsifu, aliwaambia warudie, safari hii dada asitake kaka aone kwamba amekasirika. Hilo la kurudia ndilo linalonifanya nikiamini kikundi. Mtu akipewa nafasi ya pili na agizo moja lililo wazi, utajua kama anafundishika, na yeye atajua kama wanaomsaili wanajua kufundisha. Aliyekosa nafasi naye anastahili kuambiwa siku hiyohiyo, kwa heshima, na kuonyeshwa kazi nyingine anayoweza kufanya.

Kikundi kinachodai ada ya usaili, au kinachomtaka binti aje peke yake kwa usaili wa faragha, hakina haja ya kupimwa zaidi. Mchukue mwanao muondoke.

Kwa upande wa vijana wa sekondari ndipo vikundi vingi vinapoanguka, tena vile vyenye jina. Vijana huwekwa kwenye ngoma ya ufunguzi na wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, basi. Wakipewa kuzungumza, wanazungumza maneno ya watu wazima kuhusu maisha ya vijana. Mpango wa Tuseme, ulioanzishwa mwaka 1996 na wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, ulionyesha njia bora zaidi. Wasichana wa sekondari hawakukabidhiwa muswada kuhusu shida zao. Walianza kwa kuzichunguza wenyewe shuleni kwao, wakazitungia maigizo, wakaonyesha mbele ya walimu na wenzao, kisha wakajadili nini kifanyike. Baadaye FAWE, shirika linaloshughulikia elimu ya wasichana, liliusambaza mpango huo katika nchi nyingine za Afrika. Kwa hiyo ukikuta kijana jukwaani, muulize taratibu nje ya jukwaa: sentensi hii uliitoa wapi? Akikujibu kwamba aliibishania mazoezini mpaka ikakubaliwa, hapo pana kikundi.

Mambo ya kawaida nayo ni sehemu ya ubora, wala si urasimu. Mazoezi ya wanafunzi yafanyike Jumamosi au baada ya masomo, na yaishe mapema ili wafike nyumbani kabla ya magharibi. Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi. Pawepo mwanamke mtu mzima mazoezini kila siku, si siku ya onyesho tu. Mtoto akipewa sehemu nzito, kama ya binti aliyefanyiwa ukatili, pawe na mtu wa kukaa naye baada ya zoezi na kuzungumza mengine kabisa kabla hajapanda daladala. Na mwenye aibu asirudishwe nyumbani. Kushika muswada na kuwakumbusha wenzake maneno, kupanga maleba, kupiga ngoma, kusimamia taa pale penye umeme, zote ni kazi za sanaa, na wengi waliozianza hizo hupanda jukwaani msimu unaofuata bila kusukumwa.

Kenya wana hazina yao: tamasha la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, ambalo hushindaniwa kwa ngazi hadi kufikia taifa. Kijana aliyepitia huko huja na nidhamu ya muda, anajua kusimama asimfunike mwenzake. Ila wengine huja pia na mazoea ya kuwachezea majaji, mikono ikipanda na kushuka kwa pamoja kama kwaya. Mwongozaji mzuri wa mchezo wa jamii huihifadhi ile nidhamu na kuyaondoa yale mazoea polepole, pasipo kumvunja mtoto moyo.

Mazoezi yenyewe yanapaswa kuwa wazi. Mfano ninaorudia kila mara ni wa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipoandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na wafanyakazi wa hapo. Usaili na mazoezi vilifanyika hadharani, wanakijiji wakitazama. Aliyeigiza mzee akizungumza isivyopasa, wazee wenyewe walimsahihisha: mzee wa makamo hayo hasemi hivyo. Muswada ukabadilika. Kwa hiyo omba kuuona muswada mazoezi yakifika katikati. Ukiwa hauna hata mstari mmoja uliokatwa kwa kalamu, jua kwamba mtaa haujasikilizwa.

Siku ya onyesho usikae mbele na wageni. Nenda nyuma kabisa, karibu na wauza karanga, usikilize kama maneno yanakufikia bila kipaza sauti. Anayetoa sauti kooni ataanza kukauka kabla mchezo haujafika katikati. Anayeitoa tumboni utamsikia hata akinong'ona. Angalia ngoma pia. Jaribu kuiondoa akilini: hadithi ikibaki nzima, ngoma ilikuwa pambo. Ikibomoka, ndipo ngoma ilipokuwa inafanya kazi ya kuigiza.

Kipimo changu kikali kuliko vyote ni mhusika mbaya. Michezo mingi ya kufadhiliwa humleta baba mlevi anayemwoza binti yake, anayumba, watu wanacheka, na hakuna baba yeyote uwanjani anayejiona. Kikundi chenye ujasiri humpa baba huyo hoja: deni la duka, wadogo watatu hawana ada, mchumba ni mtu wa heshima. Wazee waliokaa kwenye viti vya plastiki wanaacha kucheka. Wanaanza kujadiliana wao kwa wao mchezo ukiwa unaendelea, na mwongozaji aliyekomaa haoni hayo kuwa ni fujo.

Baada ya hapo mjadala unakuja wenyewe. Augusto Boal wa Brazili alijulikana kwa utaratibu wa kuusimamisha mchezo ili mtazamaji achukue nafasi ya mwigizaji na kujaribu njia nyingine, na vikundi vingi vya kwetu vimeuchukua. Sikiliza swali la mratibu. "Tumejifunza nini?" huleta majibu ambayo mfadhili tayari anayo. "Wewe ungekuwa mama yake ungefanyaje? Njoo utuonyeshe" huleta mama halisi mbele, kanga begani, na kuanzia hapo hakuna anayejua mchezo utakwenda wapi. Utapenda kuona pia vijana wanapewa nafasi ya kujibu mbele ya wakubwa zao bila kukatizwa.

Lakini mjadala nao si mwisho. Huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, Mlama na wenzake walifanya kazi na wanakijiji kwa muda mrefu, suala la mimba za wasichana wadogo likawa miongoni mwa yaliyoletwa jukwaani. Onyesho lilikuwa hatua moja tu katika kazi hiyo. Kwa hiyo kabla hujaondoka uwanjani, mwulize mratibu lini wanarudi, na nani hapo mtaani amekabidhiwa kufuatilia yaliyokubaliwa. Kikundi kilichojipanga kina tarehe na kina jina.