Ya Pili kwa Kipi?

Ukitafuta habari za mvinyo wa Dodoma mtandaoni, hukawii kukutana na sentensi moja: Tanzania ni ya pili Kusini mwa Sahara, nyuma ya Afrika Kusini. Nimeshaikariri. Ya pili kwa kipi, lita au hekta? Mwaka gani? Aliyehesabu ni nani? Anayeinakili haulizi, anaipitisha tu kwa mwenzake kama uvumi wa mtaani. Na huko Ethiopia kampuni ya Kifaransa, Castel, ilianza kuuza mvinyo wa Ziway 2014, lakini sentensi haijatikisika.

Wafaransa nao wana yao. Madaraja ya Bordeaux ya 1855 yalipangwa na madalali kwa kufuata bei ya sokoni, watu wakayageuza msahafu. Mouton Rothschild ilipandishwa daraja 1973, na mbali na hiyo karibu hakuna kilichoguswa. Ila pale msomaji anajua nani alipanga, lini, kwa kigezo gani. Anaweza kubisha.

Kwetu ubishe na nani? Inaudhi zaidi kwa sababu yanayothibitika yanapendeza kuliko hiyo sifa: Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kuna zabibu nyekundu yenye jina la Makutupora. Chupa za Dodoma zipo grosari za huku Tegeta. Mnywaji akitaka kujua zabibu zilitoka shamba gani, au mkulima wa Hombolo aliuza kilo kwa shilingi ngapi, simu inamrudishia ileile: ya pili.