Mtafiti Aliyekalia Kiti cha Mkuu wa Gereza

Video za jaribio la gereza la Chuo Kikuu cha Stanford, la Agosti 1971, mmeziona: korido ya chini ya ardhi pale Jordan Hall, askari wenye miwani ya vioo, wafungwa waliovishwa magauni na kufungwa mnyororo mguuni. Mjadala wake siku zote huishia kwenye ukatili wa askari. Mimi sina ugomvi na wale vijana. Ugomvi wangu ni na Philip Zimbardo, mwanasaikolojia aliyeongoza jaribio hilo, kwa uamuzi alioufanya kabla mfungwa wa kwanza hajaletwa: alijipa mwenyewe cheo cha mkuu wa gereza. Utafiti uliharibika hapo.

Kushiriki si kosa. Ushuhudiaji shirikishi una heshima yake, na mtafiti anaweza kula, kulala na kulia msiba na anaowachunguza. Lakini asishike rungu katika jambo lilelile analotaka kulipima. Siku moja kabla wafungwa hawajafika, Zimbardo aliwakalisha askari akawaeleza jinsi wafungwa wanavyoweza kuchoshwa, kutiwa hofu kiasi na kuvuliwa utu wao, huku akisema "sisi" kama mmoja wao. Msaidizi wake David Jaffe, aliyepewa nafasi ya chini yake gerezani, amenaswa kwenye kanda akimhimiza askari mpole awe mkali zaidi. Kisha tukaambiwa kwamba ukatili ulizaliwa na mazingira matupu! Mwamuzi wa mpira akipiga penalti, bao halihesabiwi.

Tazameni lile tukio la uvumi. Mfungwa 8612 alikuwa ameachiwa baada ya kuzidiwa, na ikavuma kwamba atarudi na wenzake kuvunja gereza. Kwa mwanasaikolojia, uvumi unaosambaa ndani ya jengo lililofungwa ni dhahabu: nani kamwambia nani, umeongezwa chumvi wapi, nani kauamini. Zimbardo hakuandika lolote kati ya hayo. Aliitisha kikao cha usalama na wasaidizi wake. Alimpachika shushushu ndani ya selo. Alikwenda polisi wa Palo Alto kuomba wafungwa wahamishiwe katika jela ya zamani ya mji, na alipokataliwa kwa sababu za bima, akaondoka amekasirika. Mwishowe wafungwa walifungwa minyororo, wakavishwa mifuko vichwani na kupandishwa stoo ya ghorofa ya tano, naye akabaki peke yake chini akiwasubiri wavamizi. Hawakuja.

Akiwa amekaa hapo, akapita mwenzake Gordon Bower, akamuuliza swali ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huulizwa: kigezo huru cha utafiti huu, yaani kile kinachobadilishwa ili matokeo yapimwe, ni kipi? Zimbardo mwenyewe amesimulia kwamba swali lile lilimuudhi, maana yeye alikuwa na gereza la kulinda. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na kila mara hunisikitisha. Daftari halikuwa na mtu tena. Ndiyo maana ilibidi Christina Maslach, aliyekuja kutoka nje, aone unyama uliokuwa mbele ya macho ya mtafiti mkuu na kumkabili. Jaribio la wiki mbili likakoma siku ya sita.

Kazi nzuri ilikuwapo: waombaji zaidi ya 70 walipimwa, wakachaguliwa 24, na sarafu ikaamua nani awe askari na nani mfungwa.

Ila sarafu huwagawa waliokwisha kuingia mlangoni. Haisemi lolote juu ya waliosoma tangazo wakapita. Nimelalamika sana kuhusu matangazo ya kuwatafuta washiriki na sitaacha. Lile la Zimbardo gazetini lilitaja wazi maisha ya gerezani, kwa malipo ya dola 15 kwa siku. Mwaka 2007 Thomas Carnahan na Sam McFarland walitoa matangazo mawili, moja likitaja gereza na jingine halitaji. Waliovutwa na gereza walizidi kwa ugomvi na kupenda kutawala, na wakapungukiwa huruma. Nasi huku tunaandika "sampuli lengwa" kwenye tasnifu, kumbe ni darasa la mtafiti mwenyewe.

Kinyume na Zimbardo, mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifanya kazi ya utafiti kwa adabu, tena jirani yetu. Alifika Kampala mwaka 1954 bila maabara. Akapitia kwa machifu wa vijiji, akazipata familia 26 zenye watoto 28, na akina mama aliwalipa fadhila kwa kuwapa usafiri wa kliniki. Alizitembelea kila baada ya wiki mbili, kwa saa mbili hivi, akikaa sebuleni na mkalimani wake. Alikuja akitaka kuona mtoto anavyoumia anapoachishwa ziwa na kupelekwa kwa bibi, kama desturi ya Waganda ilivyosemekana. Akakuta desturi yenyewe imekwisha kufifia. Hakumwomba mama yeyote aifuate ili utafiti upone. Alibadili swali, akaanza kuandika jinsi mtoto anavyotambaa mbali na mama yake kuchunguza vitu kisha akamrudia, nani analia sana, na ni mama yupi anayeweza kumweleza mwanawe kwa undani. Mwaka 1963 alianza upya huko Baltimore, kwa familia nyingine 26, aone kama aliyoyaandika Uganda yangesimama.