Neno "Tifutifu" katika Vitabu vya Kilimo

Miongoni mwa maneno ambayo vitabu vyetu vya kilimo vimewazoeza wanafunzi, ni machache yatajwayo kwa wepesi kama tifutifu. Udongo, twaambiwa, ni wa namna tatu: kichanga, mfinyanzi na tifutifu, na huu wa mwisho ndio bora kwa mimea mingi. Mgawanyo huu ni rahisi kukariri. Walakini yafaa tuuchunguze, kwa kuwa majina haya matatu hayapimi jambo moja.

Wataalamu wa udongo hutenga mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa chembe: zilizo chini ya milimita 0.002 ni za mfinyanzi, mchanga hufika milimita 2, na baina yake zimo chembe za kati, yaani silti. La pili ni jinsi chembe hizo zinavyoshikamana zikawa punje au mabonge. Mshikamano waweza kubadilishwa na jembe, samadi na mizizi. Ukubwa wa chembe haubadilishwi na jembe, hata mtu alime umri wake wote.

Sasa, kichanga na mfinyanzi ni majina yatokanayo na chembe. Ama tifutifu, lililo jamaa ya kitenzi tifua, kwa msemaji wa kawaida hutaja hali: udongo uliolegea, usioshikana. Vitabu vimelibebesha maana nyingine, yaani udongo ambamo mchanga, silti na ufinyanzi vimechanganyika pasipo kimoja kutawala.

Kosa hili si la maneno matupu. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa mabonde ya Usukuma, una ufinyanzi mwingi. Ukilowa hunata, ukikauka hupasuka nyufa pana. Hata hivyo huenda uso wake, wakati wa kiangazi, ukameguka kuwa punje ndogo zilizolegea. Kwa jicho ni tifutifu. Kwa kipimo ni mfinyanzi. Wasukuma wenyewe hawadanganyiki, maana huuita mbuga, wakiutenga na luseni, udongo wa kichanga ulio juu zaidi mteremkoni. Lakini aliyekariri kitabu aweza kumshauri mkulima apande humo zao lisilostahimili maji yaliyotuama. Mvua itamsahihisha mshauri. Hasara itabaki kwa mkulima.

Kwa hiyo naona tifutifu lirudishiwe kazi yake ya asili, ya kueleza hali ya udongo. Ule wenye chembe za namna zote tungeweza kuuita udongo mseto. Kila mpishi ajua kwamba mchele na pojo zilizokwisha kupikwa pamoja hazitengwi kwa kukoroga mwiko. Huenda mtu akapinga kwamba tayari tuna kilimo mseto. Lakini hata huko maana ni ile ile ya kuchanganya, wala sioni mgongano.

Istilahi njema si ile tu iliyo ya Kiswahili kwa sauti. Ni ile isiyomfanya msemaji wa Kiswahili aelewe kinyume.