Mupagazi na Sanamu Yake

Katika muji wa Dar es Salaam kuna sanamu ya askari mweusi, mwenyi bunduki na singe, iliyosimamishwa mwaka 1927. Sanamu yenyewe si ya mupagazi. Katika Nairobi fundi yule yule, James Stevenson, alitengeneza ingine, ya mwaka 1928: wanaume watatu wanasimama pamoja, na mumoja wao ni mupagazi. Kwa kazi ya mikono zote mbili ni nzuri. Kwa kusema kweli, ile ya Nairobi inapita.

Sababu gani? Vita ya 1914-1918 katika inchi zetu haikushindwa kwa bunduki peke yake. Jeshi la Kongo, chini ya Jenerali Tombeur, lilivuka kutoka upande wetu wa Kivu na Rusizi, likapita Rwanda na Burundi, likaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Chakula na risasi zilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wapagazi walipita 200,000. Wengi walikufa kwa njaa, kwa baridi ya milima na kwa kuhara.

Lakini hata sanamu ya Nairobi ina kosa: hao watatu hawana majina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa.

Na kwetu? Mwezi wa Juni 2022, katika Kinshasa, Mufalme Philippe wa Ubelgiji alimuvika nishani Koplo Albert Kunyuku, askari wa vita ya pili. Muzee alikuwa na miaka 100. Ni tendo jema, sikatai. Lakini heshima inayokawia miaka 77 inakuta wenzake wamekwisha kuzikwa. Na mupagazi wa 1916 hana tena kifua cha kuvikwa nishani.

Basi, kazi inabaki kwetu. Mwezi wa Novemba wakristu wanaleta majina ya marehemu wao tuwaombee. Mukatekista aulize wazee: nani wa ukoo wenu alikwenda Tabora na hakurudi? Mufratri aandike jina na kijiji, padri alisome mbele ya altare. Sanamu inaweza kungoja. Majina hayangoji, maana wazee wanaoyajua wanatuacha kila mwaka.