Sifa za Jicho Lisilo na Haraka

Mpita njia akiiona picha ya mchoraji Tingatinga husema, "Chui huyo," kisha akaenda zake. Mnyama amemtaja, picha hajaiona. Angesimama kidogo angetambua kwamba ubao wote ulipakwa rangi moja kwanza, ndipo chui akawekwa juu yake, kisha madoa, na mwisho nukta zinazolipa jicho uhai. Rangi iliyo juu ndiyo iliyokuja baadaye. Kwa hiyo picha inasomeka kwa mfuatano wa kazi yenyewe: hapa mkono ulianza, hapa ulisubiri rangi ikauke, hapa ukarudi.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia hardibodi na rangi ya baiskeli, vitu alivyoweza kuvipata. Aliaga dunia mwaka 1972. Rangi ya aina hiyo hufunika kabisa kilicho chini yake, na ikikauka humeremeta, kingo zake zikiwa kali. Mipaka ile iliyo wazi, ambayo mtazamaji wa haraka huiona ya kitoto, ni ushahidi wa mtu aliyeijua rangi yake na kuiacha ifanye inachokiweza vizuri zaidi.

Jicho lililofunzwa hivyo haliwezi tena kupita Oloo Street, hapa Eldoret, kama lilivyozoea. Kwenye ukuta wa kinyozi kuna kichwa kilichochorwa kwa rangi ya mafuta. Sogea. Chini ya herufi za jina kuna mstari hafifu wa penseli ulioziweka sawa. Kivuli cha kila herufi kimelalia upande uleule, toka ya kwanza hadi ya mwisho. Taya limechorwa kwa mkokoto mmoja wa burashi, bila kusita. Mkono usiotetemeka namna hiyo haupatikani kwa siku moja.

Fundi aliyeuchora ukuta huo hana jumba la maonyesho, na mara nyingi hatii sahihi. Lakini maamuzi yake ni ya aina ileile: nini kitangulie, nini kifunikwe, wapi burashi iishie. Tunapozoea kuyaona maamuzi, heshima yetu haitegemei tena mahali picha ilipotundikwa.

Eldoret ilitawazwa kuwa jiji mwaka 2024, na mabango yanayochapishwa kwa mashine yanazidi kutanda. Hata hivyo, mwalimu anayetaka wanafunzi wake waijue sanaa hana haja ya kungoja safari ya Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Awapeleke mbele ya ukuta mmoja uliochorwa kwa mkono, awape dakika kumi za kimya, kisha asiwaulize picha ni ya nini. Awaulize ilichorwaje. Mtoto anayeweza kulijibu swali hilo ataingia makumbusho yoyote duniani kwa kujiamini, na hatampuuza fundi wa mtaani kwao.