Mpira, Kamba na Reli

Huko Kabambare, Maniema, mashariki mwa Kongo, kufunga mzigo kwenye pikipiki huanza na miti miwili mikavu, minene kiasi cha kifundo cha mkono, inayolazwa mkingamo juu ya keria ili kuipanua. Vidumu vya mawese, lita 20 kila kimoja, huning'inizwa kushoto na kulia, vikasogezwa mbele kadiri miguu ya dereva inavyoruhusu. Uzito ukilalia nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi, na kwenye mlima wa kwanza tu pikipiki hunyanyuka kama mbuzi anayetafuta majani ya juu. Upande wa ekzosi hutangulizwa kipande cha gunia bichi, maana plastiki na chuma cha moto havijawahi kupatana.

Halafu inakuja mipira. Hii ni mipira ya ndani ya matairi yaliyochoka, imechanwa kwa wembe ikawa mikanda mirefu. Mfungaji huivuta hadi karibu na kukatika, akazungusha, na kila mzunguko ukaubana uliotangulia. Hapigi fundo, ncha ya mkanda anaichomeka chini ya mizunguko, basi. Gunia la mchele hushuka na kujipanga upya kila shimo la barabara. Kamba ya nailoni huachwa nyuma ikalegea, lakini mpira hulifuata gunia linakokwenda. Akimaliza hushika usukani, pikipiki ikiwa bado kwenye stendi, akaitikisa huku ametega sikio. Kikigonga kitu chochote, anafungua vyote na kuanza upya, hata kama mwenye mzigo amekwisha kununa. Hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Njia ya huku imezoea mizigo tangu zamani. Kabambare ilikuwa kituo cha misafara kati ya Ujiji na Kasongo. Mvumbuzi David Livingstone alikwama hapo mwaka 1870 akiuguza vidonda vya miguu, na watu wa mfanyabiashara Tippu Tip walipita wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Mpagazi alipewa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, bila kuhesabu chungu chake na chakula chake. Wengine walikuwa Wanyamwezi wa ujira, wengine watumwa wasioulizwa kama wamechoka. Kamba zilikuwa magome ya miti ya miombo, na mtita uliofungwa vibaya ulimuumiza aliyeubeba, si aliyeumiliki.

Reli ilipokuja ilipita kando. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilijenga njia ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ili kukwepa maporomoko ya mto Lualaba. Mwaka 1915 ikaunganisha Kabalo na Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Ulikuwa mpango wa kupokezana: treni, meli, treni tena, na kila pokezano ni mikono ya watu wanaoshusha na kupakia. Kasongo ilibaki ng'ambo ya mto, Kabambare ikabaki katikati ya reli na ziwa, haikuguswa na chochote. Ndiyo maana mpira wa pikipiki una heshima huku.

Kwa hiyo dereva wa huku anayetaka kupanda treni kwa raha ya macho huelekea mashariki: Lulimba, Fizi, Baraka, kisha boti hadi Kigoma. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikitokea Dar es Salaam, na treni inapoliacha ziwa hupita kwanza kwenye michikichi inayomfanya mtu wa Maniema acheke, kwa kuwa ameyaacha mawese nyumbani na kuyakuta tena. Mbele ni Uvinza na chumvi yake ya kale, kisha miombo, kisha maji na matete ya Malagarasi, eneo oevu lililoingia orodha ya Ramsar mwaka 2000.

Pikipiki imebaki Kigoma, na dereva mwenyewe sasa ni mzigo. Hana usukani wala breki, na mashimo si shauri lake. Macho yaliyozoea kukagua mipira yanapata nafasi ya kukagua kazi za wengine: matenga ya dagaa yaliyoshonwa mdomo kwa kamba ya katani, mishono mifupi inayolingana, kuku waliofungwa miguu wawili wawili ili mmoja asimkimbie mwenzake.

Na pale Kigoma ipo hadithi ya ufungaji ambayo kila dereva wa Kabambare angeielewa bila kuelezwa. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikavushwa bahari, ikasafirishwa kwa reli na kuunganishwa upya kando ya ziwa. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini mafundi walizipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 injini zilikuwa bado nzima, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Watu husifu meli. Mimi nawasifu waliopaka grisi kitu wanachokizamisha.

Wakati wa kurudi, dereva huifunga pikipiki yake ndani ya boti kwa mipira, vizuri, kama alivyofunzwa. Baharia huja akaifungua yote.

"Hii ni ya barabarani, kaka," anasema, akitoa kamba ya nailoni. Anapiga kitanzi kimoja na kuacha mkia mrefu unaoning'inia. "Tukipinduka, nivute hapa mara moja tu iachie. Pikipiki iende chini peke yake."